Zebedayo Mgaya na Kadi ya Neno Kufu

Ndugu Zebedayo Mgaya anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia Chumba cha Maneno kwa miaka thelathini na minne na miezi tisa. Aliingia tarehe 1 Oktoba 1990 akiwa na shati moja la mikono mirefu, na wanaokumbuka wanasema shati lile lilifuliwa kila jioni hadi Krismasi.

Wasifu huu umeandikwa na Mazin Turki, aliyekaa naye meza moja muda wote huo. Bi. Loveness, katibu wa kamati ya kuaga, ametoa masharti matatu: usizidi kurasa nne, uchangamke, na mwandishi asijitie ndani. Mwandishi atajitahidi. Lakini kamati ielewe kwamba huu ni wasifu wake wa nane wa mstaafu. Mwaka 1990 chumba kilikuwa na watu tisa. Saba wameshaagwa kwa soda na keki, Zebedayo ni wa nane, na Jumanne asubuhi atabaki mtu mmoja na feni isiyozunguka. Kuchangamka nako kuna mahali kunapoishia.

Kwa wageni wetu, Chumba cha Maneno ni kile cha mwisho kwenye korido ya kituo chetu hapa Usagara, Tanga, mkono wa kushoto, ukishapita stoo. Kazi yake ni kukusanya maneno ya zamani ya pwani hii, kuanzia Pangani hadi mpakani, kabla wanaoyasema hawajaondoka nayo. Kila neno lina kadi yake. Mbele huandikwa maana, sentensi ya mfano, mahali na tarehe liliposikika, na nyuma huandikwa asili. Aliyelisikia neno hutia saini, kisha mwenzake mmoja huithibitisha maana kwa saini ya pili. Kadi isiyopata saini ya pili hulala kwenye droo ya chini kabisa, ambayo tangu zamani tunaiita droo ya viporo.

Kuna kanuni nyingine, na hiyo ndiyo iliyomfanya Zebedayo awe Zebedayo. Neno haliombwi. Ukimwuliza mtu mzima neno la kale, anakaa vizuri, anakohoa, anakupa Kiswahili cha redioni. Inabidi ukae naye akiwa kwenye shughuli zake mpaka limtoke lenyewe. Wengi wetu tuliivunja kanuni hii kila tulipokuwa na haraka, yaani karibu kila siku. Zebedayo hakuivunja hata mara moja.

Alizaliwa mwaka 1965 kwenye kambi ya shamba la mkonge wilayani Muheza. Baba yake, Mbena na Mlutheri kutoka Njombe, aliletwa kama manamba, kibarua wa mkataba, akalisha majani ya mkonge kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi, hadi mgongo ulipokataa. Kambini kulikuwa na bomba moja la maji na lugha saba kwenye foleni yake. Zebedayo husema masikio yake yaliajiriwa pale bombani, sisi tulikuja kumpa kiti tu.

Mwaka 1996 alikaa Ushongo siku tano akingoja wanawake wanaoanika dagaa walitamke neno ambalo alikuwa na hakika wanalo. Siku nne walizungumza habari za arusi. Siku ya tano paka aliingia kwenye dagaa, na mama mmoja akamtukana kwa neno lile lile. Zebedayo alirudi Tanga na kadi moja na malaria. Neno lenyewe tuliache, leo tuna wachungaji na masheikh mbele yetu.

Mwaka 2003 alipokuwa akishonwa mguu hospitalini, alimwomba nesi asimame kidogo amwazime kalamu, kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akilalamika kwa Kibondei cha bibi yake. Nesi alimnyima. Zebedayo akaomba uzi uliobaki, akafunga fundo kwenye kidole ili asisahau, na fundo lile ndilo kadi namba 3,340. Mkewe, Mama Yona, ndiye aliyelikata baada ya siku mbili.

Kadi 6,212 zina saini yake ya kwanza. Vijana waliokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo aliwafundisha kunyamaza, na wachache walifaulu. Mara mbili alitakiwa ahamie Dodoma, na mara mbili alijibu kwa barua ya mstari mmoja. Hakuwahi kuchelewa kazini isipokuwa siku za mvua kubwa, ambapo na sisi wengine tulichelewa kwa hiyo hakuna aliyeona.

Miaka hii ya mwisho amechoka, na hakuna haja ya kuficha. Wasemaji wake wameondoka mmoja mmoja. Wajukuu wao wanasema vizuri sana, ila wanasema kama sisi. Zamani alikuwa akirudi kutoka safari na kadi kumi na mbili, sasa anarudi na mbili na vumbi. Mwezi wa Machi alitua mkoba mezani, akavua viatu, akamwambia mwandishi, "Baba Khuloud, tumebaki kusikiliza kuta." Sote wawili tulikaa hivyo mpaka saa ya kufunga.

Sasa tufike kwenye droo ya viporo. Kituo kinahamishia kadi zetu zote kwenye kompyuta. Bi. Loveness, ambaye anatekeleza maagizo na hana kosa, alitutangazia kwamba zitakazoingizwa ni zile zenye saini mbili. Ambazo hazijakamilika ifikapo tarehe 30 zitakwenda na karatasi chakavu. Katika droo zilikuwemo kadi kumi na tisa, zote za Zebedayo. Kumi na nane zilikamilika ndani ya siku tatu, maana zilikuwa na upungufu mdogo mdogo. Ya kumi na tisa ni ya neno kufu. Imelala pale tangu mwaka 1991 ikingoja saini ya pili, na aliyekataa kuitia saini ni mwandishi wa wasifu huu.

Hapa namwomba Bi. Loveness radhi. Sharti la tatu limenishinda.

Septemba mwaka ule tulitumwa Pangani kukusanya maneno ya minazi. Kwetu ni Pangani. Ukoo wetu asili yake ni Omani, na mashamba ya baba yangu, mzee Turki, yalikuwa ng'ambo ya mto, Bweni. Asubuhi tulivuka kwa pantoni, tukashinda na wakwezi, na mchana tukarudi mjini tukale nyumbani. Zebedayo alikuwa na miaka ishirini na sita na mimi ishirini na saba. Alimwamkia baba shikamoo kwa adabu zote. Baba alimwitikia marahaba, akamwuliza ni mtoto wa nani, na Zebedayo akamweleza bila kupunguza kitu: kambi, manamba, korona.

Ndani kulikuwa na sinia la wali wa nazi na samaki wa kupaka. Baba na ami zangu wawili walikuwa wameshakaa mkekani. Nilimwambia baba kwamba mgeni bado yuko barazani, nimwite. Baba hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alisema, "Huyo si kufu yetu. Mpelekeeni sahani hapo hapo nje, ale ashibe." Mama yangu, jina lake Harusi, akapakua sahani nzuri kuliko zote, kichwa cha samaki juu, na kijiko. Mimi niliipeleka, nikaiweka mbele ya mwenzangu, nikarudi ndani kula. Dirisha la baraza lilikuwa wazi.

Njiani kurudi Tanga hakuniuliza lolote. Jumatatu asubuhi niliikuta kadi kwenye trei yangu, kwa mwandiko wake wa herufi zilizonyooka. KUFU. Mtu mnayekula naye sinia moja. Mfano: Huyo si kufu yetu. Msemaji: mwenye nyumba. Pangani, 14 Septemba 1991. Chini palikuwa na saini yake, na pembeni nafasi ya saini yangu.

Maana ile haikuwa sahihi. Kufu ni mtu anayelingana nawe. Neno limetoka Kiarabu, ambako ni kitu kilicho sawa na kingine, kisichozidi wala kupungua, na kila aliyesoma Kurani chuoni hulibeba mdomoni kabla hajajua maana yake. Huku kwetu pwani lilikaa hasa kwenye ndoa. Posa ikija, mwoaji hutazamwa ukoo wake, dini yake, kazi yake na mwenendo wake, na wazee wakiridhika husema ni kufu. Lilikuwa neno la kumlinda binti asije akaenda pasipomfaa, na mimi sioni ubaya katika hilo. Lakini katika nyumba kama yetu, zenye minazi na karatasi ya nasaba ndani ya kasha, lilitoka kwenye posa likaanza kupima kila aliyepita mlangoni. Nimelisikia likisemwa juu ya mwalimu, juu ya fundi seremala, juu ya majirani wa miaka arubaini. Halina uhusiano wowote na sinia. Zebedayo alikulia kambini, ambako mtu hula na aliye karibu, na ndiyo maana alikosea. Aliona watu wamezunguka sinia ndani na yeye yuko nje na sahani, akasikia sentensi, akaandika alichokiona.

Kosa hilo ningeweza kulisahihisha kwa dakika mbili. Lakini kulisahihisha kulitaka nimweleze Zebedayo kile hasa baba yangu alichokisema juu yake, na kwamba mimi nilisikia, nikarudi ndani, nikala. Sikuweza. Nikaitia kadi kwenye droo ya viporo, nikasema maana bado inachunguzwa. Niliona haya, na haya ile sijapata kuizoea.

Siku ya pili yake nilikuja kazini na sinia. Dogo, la bati, lenye maua mekundu ukingoni. Nilimwambia kwamba nyumbani wanapika kingi, tutakuwa tunakula pamoja. Alilitazama sinia, akanitazama mimi, akaenda kunawa. Tangu siku hiyo, saa saba mchana, tumekula humo, yeye na kisamvu chake cha kwa Mama Yona, mimi na wali wangu. Mwezi wa Ramadhani sinia lilikaa juu ya kabati, na Zebedayo alikwenda kula chini ya ngazi ili asinitamanishe, ingawa mara nyingi nilimwambia sijali. Maua yamefutika yote. Feni ilikufa, wenzetu saba wakaondoka, sinia likabaki.

Baba alifariki mwaka 2008. Zebedayo alifika Pangani kwa gari la kwanza, akakaa matanga siku tatu. Chakula kilipoletwa, wanaume walikaa wanne wanne kila sinia, naye akajikuta na ami zangu wale wale. Ami mkubwa alikuwa haoni tena vizuri. Zebedayo akawa anamtolea miba kwenye samaki na kumsogezea minofu upande wake, kimya kimya, siku zote tatu. Ami aliniita pembeni baadaye. "Mwanangu, yule bwana ni nani kwetu?" Neno nilikuwa nalo mdomoni. Nikajibu, "Ni mwenzangu wa kazini." Ami akasema ana adabu sana. Kadi ikaendelea kulala kwenye droo.

Nasimulia haya nikiwa nimechoka, na labda ndiyo maana nayasimulia. Mtu akiwa na nguvu huweza kubeba kitu kama hiki miaka mingi bila kuonekana. Mimi nina miaka sitini na mmoja, nafanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja kwa sababu hakuna aliyepatikana wa kukaa chumba hiki, na siku hizi nikipanda ngazi za kituo nasimama katikati.

Alhamisi iliyopita Zebedayo alikwenda ofisi ya utumishi kumalizia fomu zake. Nikabaki na kadi ile peke yake mezani. Nikiitia saini ilivyo, nathibitisha uongo. Nikiiacha, inatupwa, na pamoja nayo inatupwa siku pekee ambayo neno lile lilisikiwa na mtu aliyeajiriwa kulisikia. Nikaamua kufanya nilichopaswa kufanya tukiwa vijana. Ningeandika maana ya kweli, na Zebedayo akirudi ningempa asome, kisha aseme atakalo. Maelezo ya asili huandikwa nyuma. Nikachukua kalamu, nikaigeuza kadi.

Katika miaka yote ile sikuwahi kuigeuza. Nilikuwa nikiiona kwenye droo naisukuma chini ya nyingine. Nyuma palikuwa pameandikwa tayari, kwa herufi zile zile zilizonyooka, wino wa buluu uliopauka, tarehe 3 Machi 1994.

"Asili: Kiarabu. Mtu aliye sawa na mwingine kwa ukoo, dini na hadhi, hasa katika kuoana. Ndivyo alivyokusudia mwenye nyumba. Maana ya mbele nilikosea. Isifutwe, kwa kuwa ndiyo inayotumika chumba hiki tangu sinia lilipoletwa. Inangoja msemaji wa pili."

Niliisoma mara nyingi. Alikuwa anajua kwa miaka thelathini na mmoja. Alijua alipokuja matanga ya baba, alijua alipokuwa akimtolea ami yangu miba, na kila siku saa saba alinawa mikono akaja kukaa mbele yangu akijua. Hakuniambia, na mimi namfahamu vya kutosha kujua ni kwa nini. Neno haliombwi. Wanawake wa Ushongo aliwangoja siku tano. Mimi alikuwa ananingoja muda wote huu, akila kisamvu chake.

Aliporudi nililia, na sioni haja ya kuwaficha wageni. Aliiona kadi imegeuzwa, akavuta kiti. Alisema, "Pole, Baba Khuloud." Halafu akaangalia saa, akaenda kuleta sinia, kwa sababu ilikuwa saa saba na dakika kumi, na kuchelewa hakupendi. Tulikula. Sikulitamka neno siku ile. Yeye alikuwa amelingoja tangu sote tuna nywele nyeusi, na mimi nilitaka nilitamke mbele ya watu, mahali ambapo dirisha limefunguliwa makusudi. Kwa hiyo nalitamka leo, katika wasifu huu utakaosomwa mbele yake, mbele ya Mama Yona na mbele ya watoto wangu.

Kadi imekamilika na Bi. Loveness ameipokea. Maana ya mbele haikufutwa. Chini yake nimeongeza mfano wa pili: Zebedayo Mgaya ni kufu yangu. Msemaji: Mazin Turki. Usagara, Tanga, 30 Juni 2025. Hakuombwa. Saini ya pili ni yangu, na inasomeka.

Baba Yona, unakwenda Muheza kwenye michungwa yako, na huko hakuna wa kukudai kadi. Lala mchana. Waache watu wazungumze bila wewe kutafuta kalamu. Kwa niaba ya kituo nakushukuru kwa miaka thelathini na minne, na kwa niaba yangu nakushukuru kwa subira ambayo sikustahili. Kamati imekununulia saa ya ukutani. Mimi nakupa sinia, uende nalo, mle humo wewe na wajukuu na yeyote atakayefika. Chumba cha Maneno, yaani mimi na feni, kinakutakia afya, utulivu na siku nyingi.

Kuanzia kesho saa saba mchana, mimi nitakula kwenye sahani.